Oda 23 nilizorudi nazo nyumbani: jibu kwa mdogo wangu anayeweka meza mara ya kwanza

Swali nimelifupisha kidogo, ila maneno ni yake mwenyewe:

"Shikamoo kaka. Mi ni binti wa miaka 24, kwetu Morogoro, ila sa hivi niko Columbus, Ohio na familia, tulikuja kwa grini kadi. Mchana nafanya kazi ghalani, usiku nachora. Nimepata meza kwenye tamasha la komiki la siku tatu, ndo mara yangu ya kwanza, nataka kuchukua oda za kuchora wahusika palepale mezani. Nimepanga dola 15 kila mchoro maana sina jina, naogopa nikipandisha watu hawatakuja. Je niko sawa? Nichukue oda ngapi? Na mtu akitaka mhusika ambaye simjui nafanyaje? Afu kingine, mkono unanitetemeka nikiangaliwa."

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Meza za sehemu ya wachoraji, wenyewe wanaiita Artist Alley, kwenye matamasha mengi hazigawiwi hovyo, wanaangalia kwanza kazi zako, maana yake kuna mtu alishakaa akapitia michoro yako akasema huyu apewe. Kwa hiyo hilo la "sina jina" tuliache hapohapo.

Nianze na hizo dola 15, maana ndo zimenifanya niweke peni chini nikae kukujibu. Sio kwamba ni hela ndogo tu, shida ni kwamba umepanga bei kwa kuangalia woga wako, hujaangalia saa. Mezani hatuuzi mchoro, tunauza masaa, na masaa ya tamasha yanahesabika kabisa, hebu tuyahesabu. Tuseme Ijumaa ukumbi unafunguliwa saa nne asubuhi unafungwa saa moja jioni, Jumamosi hivohivo, Jumapili saa nne mpaka saa kumi na moja. Hapo una masaa 25. Sasa toa kula, toa choo, toa mtu anayekuja kukusimulia maisha yake nusu saa na hanunui kitu (na usimfukuze, mwakani anarudi na hela), toa kuuza stika na michoro uliyokwisha kuchapisha, toa kutafuta chenji. Kwa uzoefu wangu peni inakuwa kwenye karatasi nusu tu ya muda, sema masaa 12. Kama kichwa na mabega kwa wino mweusi kinakuchukua dakika 40, hesabu inakwambia michoro 18. Usichukue 18. Chukua 12, hayo masaa manne yanayobaki ni ya kuharibu karatasi na kuanza upya, na utaharibu, kila mtu anaharibu.

Haya, 12 mara dola 15 ni 180. Meza yangu ya mwisho niliyolipia mwenyewe ilikuwa dola 325, bado maegesho, bado chakula cha ndani ya ukumbi ambacho soda na kipande cha piza vinakutoa roho, bado karatasi na wino. Yaani umefanya kazi siku tatu, mgongo unauma, na umewalipa wewe wale watu wakubali kuchorwa. Ukiweka 50 unapata 600, hapo umelipa meza na umebaki na kitu mkononi cha kumwonyesha mama. Mi ningekuwa we ningeanza na 50 kwa kichwa na mabega wino mtupu, 80 kama ni na rangi, na mwili mzima nisingeuweka kabisa kwenye bango mwaka wa kwanza, maana mwili mzima una miguu, una viatu, una mikono miwili, na mtu akilipia mwili mzima anategemea na pozi, hapo saa mbili zimeondoka. Wahusika wawili kwenye karatasi moja ni bei mara mbili, wala usione haya kulisema hilo, ni nyuso mbili hizo.

Na kuna kitu wengi hawakijui kuhusu bei ndogo, haikuletei wateja tu, inakuletea foleni. Ukiweka 15, Ijumaa kufika saa sita mchana una majina 30 kwenye daftari na huna masaa ya kuwahudumia, na kila jina pale ni mtu uliyemwambia "ndio." Hapa ndo nataka nikusimulie, maana ndo kiini cha jibu langu lote.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa kwenye tamasha moja hapa Midwest, yaani majimbo ya katikati kaskazini, bei yangu ilikuwa dola 40, na kila aliyekuja nilimwambia ndio. Nilifurahi bana, we fikiria, mtoto wa Tanga nimekaa pale watu wananipangia foleni. Jumapili wanafunga taa nina karatasi 23 ambazo hazijaguswa, zote zimelipiwa, nikawaambia wenyewe msijali, nitamalizia nyumbani nitawatumia kwa posta. 23 mara 40 ni dola 920, na hiyo hela ililipa kodi ya nyumba wiki ileile. Halafu Jumatatu nikarudi kazini kama kawaida, jioni nimechoka, na hela ya ile kazi ilishaliwa, na hakuna kazi nzito duniani kama kazi ambayo hela yake umeshaila. Ilinichukua miezi minane. Kulikuwa na baba mmoja alitaka mchoro wa bethidei ya binti yake anayetimiza miaka tisa. Ulipofika mtoto alikuwa anakaribia kumi. Yule baba hakunitukana, hakunidai hela yake, aliniandikia neno moja tu, "umefika." Mpaka leo nikiona bahasha ngumu ya posta namkumbuka.

Kwa hiyo sheria yangu tangu hapo, na naomba iwe yako toka siku ya kwanza: orodha ikijaa imejaa. Chapisha karatasi yenye mistari 12 yenye namba, iweke juu ya meza watu waione kwa macho yao, mstari wa 12 ukijaa unaandika NAFASI ZIMEISHA kwa maka nene. Watakuja wa kukubembeleza, mwingine atakuongezea hela, mwambie kwa upole nafasi hakuna, akitaka mchukulie jina awe wa kwanza tamasha lijalo. Mtu akikosa nafasi anarudi, ila mtu aliyelipa akasubiri miezi minane harudi, na wenzake wanajua. Hawa wakusanyaji wa michoro wanajuana wote, wana mtandao wao unaitwa Comic Art Fans ambako kila mmoja anaweka picha za michoro aliyonayo na nani alimchorea, jina lako linakaa pale miaka, liwe kwa uzuri au ubaya.

Kwenye daftari lako kila oda andika jina, namba ya simu, mhusika gani, vazi lipi, saizi, kalipa kiasi gani, na anakuja kuchukua lini. Hilo la lini usiache. Usimwambie "pitia baadaye," mwambie "Jumamosi saa tisa alasiri," halafu uwe umemaliza saa nane. Hela chukua yote kabla hujagusa karatasi, kwa sababu mtu anaweza kupotelea ukumbini akaishiwa kwenye meza nyingine, we ukabaki na mchoro wa mhusika ambaye hakuna mwingine anamtaka. Kadi pokea, keshi pokea, na njoo na noti ndogondogo za kutosha maana asubuhi kila mtu anatoa ishirini.

Kitu kingine kitakachokusaidia sana we unayeanza ni oda za kabla. Wiki tatu kabla ya tamasha tangaza Instagram kwamba unachukua oda nne tu, wanalipa mapema, unachorea nyumbani kwa utulivu wako kwenye meza yako na taa yako, wenyewe wanakuja kuchukua mezani. Faida yake sio hela tu. Ijumaa asubuhi wakati meza za wenzio ziko tupu, we una michoro minne imemalizika umeisimamisha pale mbele, mpita njia anaiona kazi ya mkono wenyewe, sio ya kuchapishwa. Mtu akiona wino halisi anasimama.

Sasa mhusika usiyemjua. Huyo atakuja, tena ndo wengi, kuna wahusika maelfu na kila shabiki ana wake ambaye anahisi dunia imemsahau. Usijifanye unamjua. Mwambie "simjui vizuri, nionyeshe," atakutolea simu na uso wake utang'aa, maana hicho ndo alichokuwa anakitafuta, mtu wa kumweleza. Afu muulize swali moja ambalo mi naona ndo lenye thamani kuliko yote: unampendea nini? Akikwambia "huyu amefiwa na kaka yake lakini hajaacha kucheka," basi umeshapata sura ya kuchora, huhitaji tena kujua historia ya miaka 40. Mwombe akutumie picha mbili tatu kwenye simu yako, usishike simu yake dakika 40. Na angalia hizo picha vizuri, sa hivi watu wengi wanakuja na picha zilizotengenezwa na AI, mkanda hauungani na suruali, kidole kimezidi, nembo ya kifuani imepinda ikawa kitu kingine. Ukichora vile ilivyo lawama inakuwa yako. Omba ukurasa halisi wa komiki.

Na kila mara uliza vazi lipi. Nikupe mfano wa yule ambaye we na mi tutaombwa sana kwa sababu ya tunakotoka, Storm, yule wa komiki za X-Men. Mama yake kwenye hadithi ni Mkenya, anaitwa N'Daré, na jina lake mwenyewe ni Ororo, basi watu wakisikia lafudhi yako na wakiuliza kwenu wapi ukasema Afrika Mashariki, oda ya Storm hiyo inakuja. Alitokea mara ya kwanza 1975, kachorwa na Dave Cockrum, ana nywele nyeupe ndefu na joho na kile kitaji cha kichwani. Halafu 1983 akabadilika kabisa, nywele pembeni kanyoa, katikati kazisimamisha, mavazi ya ngozi. Hao ni watu wawili tofauti kwa shabiki. Ukimchorea wa 1975 mtu ambaye alikuwa na miaka kumi na tano mwaka 1983, na kwake yule mwenye kunyoa ndo alimwambia inawezekana kubadilika, umempa mchoro mzuri wa mtu mwingine.

Na hapohapo kwa Storm niseme la rangi ya ngozi, maana meza nyingi naona ngozi zetu zinachorwa vibaya na linaniuma. Mtu anachukua maka moja ya kahawia anapaka uso mzima bapa, afu anaweka nyeusi kwenye kivuli, basi uso umekufa. Maka za spiriti kama Copic zinapenda tabaka. Anza na kahawia ya kati, acha sehemu ya mwanga, paji la uso, juu ya pua, juu ya shavu, rudia tabaka la pili ya kwanza ikishakauka, ndo uingie kwenye kahawia nzito kama E37 na E29 (hizo ni namba za rangi za Copic) upande wa kivuli. Kivuli cha ngozi nyeusi sio nyeusi, kina wekundu au zambarau ndani yake, jiangalie kiganjani na kwenye kiwiko jua la jioni likiwa linapiga utaona. Mi naweka zambarau hafifu chini kabisa kabla ya kahawia, na mwisho nukta ya wino mweupe kwenye mdomo wa chini na kwenye jicho, basi, usizidishe. Nywele nyeupe za Storm usipake kitu, acha karatasi yenyewe, chora kivuli tu kwa kijivu cha baridi, kile chenye ubluu kidogo. Wateja weusi hapa Marekani wanakuja mezani wameshazoea kuchorwa na wahusika wao kuchorwa kama majivu. Ukimfanyia vizuri mmoja, mchana analeta dada yake na binamu zake.

Karatasi tumia Bristol, ile nene ngumu, ya inchi 9 kwa 12, yenye uso laini kama unatumia wino na maka, hiyo saizi inaingia kwenye mifuko ya plastiki wanayouza hapohapo ukumbini. Penseli iwe nyepesi, wengi wetu tunatumia ya bluu hafifu maana haisumbui ukishapitisha wino. Peni ziwe za wino wa pigmenti, Micron zinatosha kabisa, ila subiri zikauke kabla ya kupitisha raba, nimeona mtu akifuta penseli akaburuza jicho zima. Kabla ya yote tumia dakika mbili kwenye karatasi ya takataka uchore kimchoro kidogo kama kiberiti, kichwa kinaangalia wapi, mwanga unatoka wapi, mwonyeshe mteja. Akikataa umepoteza dakika mbili. Hiyo inaokoa zaidi ya raba yoyote.

Wapo watakaokuja na vitabu vyao vya michoro. Mtu ana daftari amelizungusha miaka kumi, kila ukurasa mchoraji tofauti, wengine wana mada moja tu, wote wanamchora mhusika yuleyule au wote wanachora wahusika wamevaa makoti ya baridi. Kukabidhiwa lile daftari ni heshima kubwa, na ni hatari. Mi niliwahi kupaka maka ya spiriti kwenye ukurasa, ikapenya, ikatokea upande wa pili, na ikagusa ukurasa unaofuata ambao ulikuwa na mchoro wa mzee mmoja ambaye alishafariki. Hakuna cha kulipa pale. Mwenye daftari alinyamaza muda mrefu, akaniambia atakaa aone kama kuna mtu anaweza kuusafisha, sikumwona tena. Kwa hiyo kwenye daftari la mtu: wino na penseli tu mpaka umejaribu maka yako kwenye kona ya ukurasa wa mwisho kwa ruhusa yake, weka karatasi nene chini ya unaochora na nyingine juu ya wa jirani, na chai iwe sakafuni, isiwe mezani.

Wengine wanaleta komiki zenye jalada tupu jeupe, zimechapishwa makusudi ili zichorwe. Hapo hakuna kuanza upya, ni nakala ya mtu, kwa hiyo toza zaidi na penseli iwe nyepesi kabisa. Usiikunje mgongo, usiishike ukiwa umetoka kula chipsi, mafuta ya kidole hayatoki. Na muulize kabla hujaweka sahihi: unaipeleka kupimwa CGC? Hiyo ni kampuni inayopima hali ya komiki na kuzifungia kwenye plastiki ngumu, ipo tangu 2000, na ile lebo yao ya njano wanatoa tu kama shahidi wao amekuona ukisaini. Ukisaini kabla shahidi hajafika unaweza kumharibia mpango wote.

Kuhusu mkono kutetemeka. Hilo halikosekani, na sitakwambia uwazoee watu tu. Fanya hivi: Ijumaa fika mapema, kabla ukumbi haujafunguliwa chora mhusika unayemjua kama jina lako, usimwuzie mtu, ni wa kupasha mkono moto. Mteja akisimama anza na maumbo makubwa kwa penseli, duara la kichwa, mstari wa mabega, hapo hata mkono ukitetemeka haionekani, na ukifika kwenye macho utakuwa umeshatulia. Mstari mrefu wa wino usiuchore kwa vidole, uvute kwa bega, ukija upande wako, na geuza karatasi, usigeuze mkono. Kama bado unatetemeka tumia peni ya brashi, mstari wake ni mnene na mwembamba kwa asili yake, mtetemo kidogo unageuka kuwa uhai. Na anayekuangalia hahesabu makosa yako, dada. Yeye anaona uso unatokea mahali ambapo dakika mbili zilizopita hapakuwa na kitu, anasahau hata kupumua. Mwambie pia ana ruhusa ya kwenda kutembea, wengi wanasimama kwa sababu wanadhani kuondoka ni utovu wa adabu.

Usikae peke yako pale. Mchukue mdogo wako au shangazi, akae apokee hela na ajibu maswali, we ukienda kujisaidia meza isibaki yatima. Kila saa simama, nyoosha mgongo na kifundo cha mkono. Nilipuuza hilo miaka mitatu mfululizo, sasa kuna wiki siwezi kushika hata kikombe kwa mkono wa kulia.

Watakuja pia wa kutaka bure. Wazee wengine hawana nia mbaya, wanakumbuka zamani kweli. Lile tamasha la San Diego lilipofanyika mara ya kwanza, mwezi wa nane 1970, lilikuwa kwenye ghorofa ya chini ya hoteli ya U.S. Grant na watu kama 300 tu, mchoraji na shabiki wanakaa meza moja, na kuchorewa kitu bila kulipa lilikuwa jambo la kawaida. Leo linapita watu 130,000, na mchoro wa bure asubuhi unaweza kuukuta mtandaoni jioni una bei. Kwa hiyo jibu la upole ni bango lako la bei. Watoto ni habari nyingine, mi nakuwa na vikaratasi vidogo, mtoto akisimama namchorea kitu cha dakika tatu, paka mwenye joho au hata yeye mwenyewe anaruka. Hilo ni langu, si lazima uige.

Halafu ndugu zetu. Mbongo atakuona, atafurahi kweli, ataita wenzake, halafu atakwambia "si nifanyie ya kindugu." Hapa wengi tunayumba. Mi nawapokea kwa salamu zote, nauliza kwao wapi, nauliza wazazi, nikiwa na kashata nawapa, lakini bei ni ileile ya bangoni. Ukimshushia mmoja umewashushia wote, na yule aliyelipa 50 mbele yake kasikia Kiswahili chenu hakukielewa ila namba ameielewa.

Mambo ya karatasi za serikali kwa kifupi. We una grini kadi kwa hiyo kufanya kazi yako mwenyewe unaruhusiwa, ila nasema hili kwa wengine wanaosoma: kama uko kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, kuuza mezani ni kazi, usiweke meza kabla hujakaa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Mezani majimbo mengi yana kodi ya mauzo, soma ile barua ya waandaaji mpaka mwisho kuna fomu ndani. Na wahusika hawa ni mali ya makampuni. Mchoro mmoja wa mkono kwa mtu mmoja wamezoea kuuachia, ni mazoea tu, si haki yako, ila kuchapisha nakala 200 za Spider-Man na kuziuza ni jambo lingine kabisa, na matamasha mengine yana masharti makali juu ya hilo. Stika na nakala zako ziwe za wahusika wako mwenyewe. Yule bibi yako mwenye kapu la mihogo anayepaa juu ya Uluguru, niliyemwona kwenye ukurasa wako, weka huyo mbele kabisa, aonekane mkubwa. Kuna mtu atakuja ameshika hela ya Storm ataondoka na bibi.

Ukitulia baadaye jaribu HeroesCon ya Charlotte, North Carolina, ipo tangu 1982, kutoka kwako ni siku moja ya barabara, ni tamasha ambalo mpaka leo limewaweka wachoraji katikati, na watu wanaenda pale wakiwa na madaftari yao ya kuchorwa. Sio mwaka huu lakini.

Mwaka huu nataka ufanye kitu kimoja kabla hujachapisha bango lolote la bei. Jumamosi hii waite wadogo zako na jirani mmoja msiyezoeana sana, wasimame mbele ya meza ya jikoni wakuangalie na waongee na we, chora vichwa vitano kimoja baada ya kingine, wahusika wachague wao, na simu iwe inahesabu muda toka "unataka nani" mpaka sahihi. Usijipunguzie. Niandikie dakika za kila kichwa, cha kwanza mpaka cha tano, tutapiga hesabu ya orodha na bei pamoja.